Tusimwite Bill Robinson kibaraka

Katika shule na vyuo vyetu, neno kibaraka halihitaji kuelezwa. Wamarekani Weusi nao wana neno lao la aina hiyo, na neno lenyewe ni jina la mtu: Uncle Tom. Limetokana na riwaya ya Harriet Beecher Stowe iliyochapishwa mwaka wa 1852, na sisi wanaisimu hupenda kulitolea mfano kwa kuwa maana yake imepinduka kabisa. Tom wa riwayani hafi akijipendekeza kwa bwana wake. Hufa kwa kupigwa, kwa sababu amekataa kufichua waliko watumwa wenzake waliotoroka. Asiyekisoma kitabu hudhani kinyume.

Jina hilo ndilo alilobandikwa mcheza densi Bill Robinson, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Bojangles, na wapo wanaolirudia hadi leo. (Wimbo maarufu wa mwaka wa 1968 wenye lakabu hiyo haumhusu yeye, ingawa wengi hudhani hivyo.) Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, na msomaji aniwie radhi nikianzia mbali.

Robinson alizaliwa mjini Richmond, jimbo la Virginia, tarehe 25 Mei 1878, miaka kumi na mitatu tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa nchini Marekani. Wazazi walimpa jina Luther. Hakulipenda, akajitwalia la nduguye, Bill. Wazazi hao walifariki angali mdogo, akalelewa na nyanya yake, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mtumwa. Masomo yake hayakwenda mbali. Utotoni alicheza kwenye mabaraza ya vilabu vya pombe ili wanywaji wamrushie senti.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa New York, katika maonyesho ya vodevili, yale ambayo kwa tikiti moja mtazamaji alipata nyimbo, vichekesho, viinimacho na densi. Humo mlikuwa na kanuni kwamba msanii Mweusi asipande jukwaani peke yake mbele ya wazungu. Sharti wawe wawili. Kwa hiyo tangu 1902 Robinson alifanya kazi na George Cooper kwa zaidi ya miaka kumi. Walipoachana alipanda peke yake, akawa miongoni mwa wa kwanza kuivunja kanuni hiyo. Desturi nyingine ilikuwa ovu zaidi: hata msanii aliyezaliwa Mweusi alitakiwa ajipake masizi usoni na kujichorea midomo mikubwa, ndipo wazungu wacheke vizuri. Robinson alikataa. Alipanda na uso wake mwenyewe, suti yake safi na kofia yake imekaa upande. Kibaraka wa aina gani huyo?

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Densi ya tapu ni ile ambayo viatu vya mchezaji ndivyo ngoma yake. Wengi waliomtangulia walicheza kwa unyayo mzima, kwa kishindo na jasho jingi. Robinson aliipandisha densi hiyo hadi kwenye ncha ya mguu. Kiwiliwili kilisimama wima, mikono haikuhangaika, na macho yaliinama kuitazama miguu kana kwamba naye anaishangaa. Alipenda viatu vya soli za mbao, na mlio wake ulikuwa mkavu, kila pigo limetengana na jingine. Mwaka wa 1918, katika ukumbi wa Palace mjini New York, alionyesha densi ya ngazi iliyomletea sifa kuliko zote: alipanda na kushuka vidato vichache, kila kidato kikitoa sauti yake. Nikiisikiliza kwa sikio la mwanafonolojia, nasikia toni za juu na za chini, mapigo yenye mkazo na yasiyo nao, na kimya kilichowekwa mahali pake kwa makusudi. Mwanafunzi anayesumbuliwa na mada ya mkazo na kiimbo angefumba macho na kuisikiliza miguu ile kwa dakika tatu, angefaidika kuliko anavyofaidika na baadhi ya mihadhara yetu.

Broadway ilimpokea kwa shangwe mwaka wa 1928, katika onyesho la Blackbirds of 1928, alipokuwa akitimiza miaka 50. Hollywood ikafuata, na hapo ndipo mashtaka yanapoanza. Katika The Little Colonel ya mwaka wa 1935 yeye ni mtumishi wa nyumbani. Katika The Littlest Rebel ya mwaka huohuo ni mtumwa anayewatumikia mabwana zake kwa moyo mkunjufu wakati wa vita vile vile vya kuukomesha utumwa. Sisi tuliorithi neno boi, ambalo mkoloni humu nchini alimwitia mpishi mwenye wajukuu, tunaufahamu uchungu wa jambo hilo. Walioona haya walikuwa na haki ya kuona haya.

Lakini tazama kinachotendeka ngazini katika ile filamu ya kwanza. Mtoto wa kizungu, Shirley Temple, aliyekuwa na umri wa miaka sita ilipopigwa, hataki kwenda kulala. Mtumishi anamwonyesha densi ya ngazi, kisha wanapanda pamoja wameshikana mikono. Hapakuwa na jozi ya rangi mbili iliyowahi kucheza hivyo katika filamu za Hollywood. Huko majimbo ya Kusini sehemu ya kushikana mikono ilikatwa. Waliokata hawakumwona kibaraka asiye na madhara. Walimwona mwalimu Mweusi na mwanafunzi mzungu, wakaogopa. Mwaka uliofuata, 1936, Fred Astaire alimtolea heshima katika filamu ya Swing Time, na alifanya hivyo akiwa amejipaka rangi nyeusi usoni. Yaani aliyekataa masizi alienziwa kwa masizi!

Ilimbidi angoje hadi 1943 ndipo Hollywood impe nafasi ya mhusika mkuu katika Stormy Weather, filamu ya wasanii Weusi, iliyofuata kwa mbali maisha yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 65, na mpenzi wake katika hadithi, Lena Horne, 26. Nafasi ya kijana ilimfikia mzee.

Malaika hakuwa. Alikuwa mwepesi wa hasira, alitembea na bastola, na kamari ilimla mapato yaliyohesabika kwa mamilioni ya dola. Sehemu nyingine aliigawa: alicheza bila malipo katika maonyesho mengi ya hisani, na mwaka wa 1933, alipowaona watoto wa Richmond wakihatarisha maisha kuvuka barabara, alilipa yeye mwenyewe gharama ya kuweka taa za trafiki.

Alipenda kudai pia kwamba ndiye aliyelibuni utotoni neno copacetic, lenye maana ya mambo kuwa shwari. Neno hilo limo katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1919, na asili yake inabishaniwa bado. Hata hivyo, aliyelieneza kote Marekani ni yeye, kwani kila alipoulizwa hali alijibu kwa neno hilo.

Alifariki New York tarehe 25 Novemba 1949 kwa maradhi ya moyo, hana akiba. Mtangazaji Ed Sullivan alishughulikia mazishi. Shule za Harlem zilifungwa na maelfu kwa maelfu wakajipanga barabarani. Siku chache baadaye wacheza tapu wenzake waliunda chama cha kumkumbuka, wakakiita Copasetics. Mwaka wa 1989 bunge la Marekani liliitenga tarehe yake ya kuzaliwa kuwa siku ya densi ya tapu. Na pale Richmond, kwenye njia panda alikolipia zile taa, sanamu yake imesimama tangu 1973, akiteremka ngazi.