Mtakatifu Ivo, Wakili wa Maskini (1253–1303)

Katika furaha ya yubile hii tumkumbuke mtu mmoja ambaye waamuzi na mawakili wa nchi nyingi wamemchagua kuwa msimamizi wao mbinguni. Ndiye Ivo Hélory wa Kermartin.

Alizaliwa tarehe 17 mwezi wa kumi 1253, karibu na mji wa Tréguier, katika Bretagne, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtu wa ukoo bora, mwenye mashamba. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa Paris, akajifunza filosofia, teolojia na sheria za Kanisa. Kisha akaenda Orléans kujifunza sheria za serikali. Tangu siku hizo za shule alijinyima nyama na divai, akalala juu ya majani makavu.

Alipomaliza masomo, alifanywa mwamuzi wa Kanisa kwanza huko Rennes, halafu Askofu wa Tréguier, Alain de Bruc, akamwita nyumbani kwa kazi iyo hiyo mwaka 1284. Tufahamu vema kazi hiyo. Zamani zile baraza la askofu halikuhukumu mambo ya mapadri tu. Lilihukumu pia ndoa, urithi, na mashauri ya wajane na yatima. Mwenye shauri alipaswa kumlipa wakili, kumlipa mwandishi wa barua, na kugharimia safari. Maskini alikuwa ameshindwa kabla hajafungua kinywa. Tena wakubwa walizoea kuwapelekea waamuzi zawadi, na sote tunajua zawadi ya namna hiyo inataka nini. Ivo alizikataa.

Katika baraza lake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwamuzi, hakuweza kusimama upande wa mmoja. Lakini katika mabaraza mengine alikwenda kuwatetea wasio na kitu, bila malipo, tena gharama zao alizitoa mfukoni mwake. Waliofungwa aliwatembelea kifungoni. Hata hivyo alipenda kupatanisha kuliko kuhukumu. Mama mmoja na mwanawe walikuwa wameshitakiana kwa hasira kubwa, nao walikataa maneno yake yote. Ivo aliwaacha, akaenda kusoma Misa kwa ajili yao, aliporudi walipatana. Sisi makatekista, tunaoitwa kila juma kuamua magomvi ya mashamba na ya mahari, tunajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

Shauri linalosimuliwa kuliko yote ni la mjane wa Tours. Wanaume wawili walifikia kwake, wakamwachia mfuko mzito, wakamwagiza asimpe mmoja wao bila mwenzake kuwapo. Baada ya siku chache mmoja alirudi peke yake, akamdanganya, akauchukua na kutoweka. Ndipo yule wa pili alipomshitaki mjane, akidai dhahabu nyingi. Mjane hakuwa na la kujibu, kwani agizo alilipokea kweli. Ivo akasimama barazani, akaeleza kwamba mfuko umeonekana, na kwamba mjane yuko tayari kuutoa. Ila, kwa agizo la mshitaki mwenyewe, hawezi kuutoa mpaka wote wawili wawepo. Basi amlete mwenzake! Mshitaki akageuka rangi, na hila yao yote ikafichuka. Kama maneno hayo ya wakili yalikuwa kweli tupu, nawaachia Mapadri wetu walipime. Lakini mjane aliokoka.

Hakuwaogopa hata wakubwa. Watumishi wa mfalme wa Ufaransa walipokuja kudai kodi juu ya mali ya kanisa la Tréguier, aliwapinga.

Alikuwa pia padri, paroko wa Tredrez, na baadaye wa Louannec. Nyumba aliyorithi Kermartin aliifanya kimbilio la maskini na yatima, akawahudumia kwa mikono yake, na mara nyingi nguo yake mwenyewe iliondoka na mgeni. Miaka michache kabla ya kufa aliacha uamuzi, akabaki na parokia yake.

Alifariki tarehe 19 mwezi wa tano 1303. Mwaka 1330 Kanisa lilifanya uchunguzi huko Tréguier: mashahidi zaidi ya 200 waliitwa, miongoni mwao watu waliomwona kwa macho. Papa Klementi wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka 1347. Kaburi lake lilivunjwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, likajengwa upya mwaka 1890. Katika sanamu nyingi anaonyeshwa amesimama kati ya tajiri na maskini. Hata sasa, kila mwaka katika mwezi wa tano, mawakili na waamuzi kutoka nchi nyingi hufika Tréguier wakiwa wamevaa kanzu zao za barazani, na fuvu la kichwa chake huchukuliwa katika maandamano toka kanisa kuu mpaka Minihy, karibu na mahali alipozaliwa.