Emin Pasha

Emin Pasha (jina la kuzaliwa Isaak Eduard Schnitzer, Oppeln, 28 Machi 1840 – Kinena, Kongo, 23 Oktoba 1892) alikuwa daktari, mtawala na mtaalamu wa ndege kutoka Silesia, eneo lililokuwa sehemu ya Prussia. Anajulikana zaidi kama gavana wa Ekwatoria, jimbo la kusini kabisa la Sudani ya Misri. Huko Kagera anakumbukwa kama mwanzilishi wa kituo cha Kijerumani cha Bukoba mwaka 1890. Vielelezo vya wanyama alivyokusanya vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Wayahudi. Baba yake alifariki angali mtoto, mama akaolewa tena na Mkristo, na mtoto akabatizwa katika Kanisa la Kilutheri kwa jina la Eduard. Alisoma udaktari Breslau, Königsberg na Berlin, akamaliza mwaka 1864, lakini hakupata kibali cha kufanya kazi nyumbani. Akaenda katika Milki ya Osmani, akawa daktari wa karantini katika bandari ya Antivari (leo Bar, Montenegro). Huko alijifunza Kituruki na lugha nyingine kadhaa, akaanza kuishi kama Mwislamu na baadaye kutumia jina la Emin.

Gavana wa Ekwatoria

Mwisho wa mwaka 1875 alifika Khartoum. Charles Gordon alimwajiri kama daktari wa Ekwatoria, akamtuma Buganda na Bunyoro kwa mazungumzo, na mwaka 1878 akamfanya gavana. Waasi wa Mahdi walipoteka Khartoum mwaka 1885, Emin alibaki peke yake na askari wake, akahamia Wadelai karibu na Ziwa Albert.

Miaka hiyo yote aliendelea kuchuna ndege na kuandika barua kwa wataalamu wa Ulaya. Gustav Hartlaub wa Bremen alieleza spishi nyingi kutokana na ngozi alizotumiwa. Shomoro mdogo mwekundu-kahawia aliitwa Passer eminibey, na mbwigu mmoja akaitwa Lanius gubernator, yaani gavana. Baada ya kifo chake panya-buku wa misitu ya Kongo na Uganda naye aliitwa Cricetomys emini.

Henry Morton Stanley alifika mwaka 1888 na msafara wa kumwokoa, ingawa Emin mwenyewe hakuwa na hamu kubwa ya kuokolewa. Stanley alichoshwa na mwenzake aliyeshughulika na ndege wakati maasi yanakaribia. Mwaka huohuo askari wa Emin waliasi, na mwaka 1889 akakubali kuondoka. Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Jioni hiyo, katika karamu, Emin aliyekuwa na macho mabovu alianguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu.

Bukoba

Alipopona aliingia katika utumishi wa Ujerumani. Tarehe 26 Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo pamoja na mtaalamu wa zoolojia Franz Stuhlmann. Kazi yake ilikuwa kuzipatia Ujerumani nchi za maziwa makuu, lakini mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 uliiweka Uganda mikononi mwa Uingereza akiwa bado njiani. Huko Tabora alipandisha bendera ya Kijerumani. Novemba 1890 alianzisha kituo cha Bukoba kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya. Kwa watawala wa huko kituo hicho kilikuwa mwanzo wa kupoteza uhuru wao, na elimu ya wanyama haiwezi kutenganishwa na hilo: bunduki zilizolinda kituo ndizo zilizowalinda waliokusanya ndege na mimea.

Emin alikaa Bukoba takriban miezi mitatu tu. Ghuba iliyopo kusini zaidi, karibu na kisiwa cha Rubondo, bado huitwa Ghuba ya Emin Pasha.

Mwisho wa maisha

Februari 1891 alielekea magharibi kupitia Karagwe hadi Ziwa Edward na kuingia Kongo, bila idhini ya wakubwa wake. Msafara ulipigwa na ndui. Desemba 1891 alimwagiza Stuhlmann arudi Bukoba na watu wenye afya, yeye akabaki na wagonjwa. Aliuawa Kinena tarehe 23 Oktoba 1892 kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakubwa wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Baadaye Kibonge naye aliuawa na Dola Huru la Kongo. Stuhlmann alichapisha shajara za Emin, na alishiriki kuanzisha taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, mwaka 1902.

Vielelezo vyake leo

Anayechora ramani ya mtawanyiko wa spishi kwa kompyuta huhitaji nukta za mahali spishi ilipopatikana, pamoja na takwimu za mvua, joto na mwinuko. Programu hulinganisha hivyo viwili na kukisia mahali pengine panapoifaa spishi hiyo. Kwa miaka ya kabla ya 1900 karibu nukta zote hutoka kwenye lebo za makumbusho. Ndiyo maana vielelezo vya Emin na Stuhlmann vina thamani Bukoba na Muleba, ambako sehemu za rweya, yaani mbuga za nyasi kati ya vijiji vya migomba, zimepandwa mikaratusi, misonobari na chai.

Vina kasoro zake. Neno Bukoba kwenye lebo laweza kumaanisha kituoni au mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Wakusanyaji walifuata njia za misafara, hivyo msitu kama Minziro, wenye ndege wa Kongo wasioonekana kwingine Tanzania, haupaswi kudhaniwa mtupu kwa sababu lebo za zamani hazikuutaja. Mimea mingi ya Stuhlmann iliungua katika hebariamu ya Berlin iliposhambuliwa kwa mabomu Machi 1943. Kumbukumbu za aina hii hukusanywa na mtandao wa kimataifa wa GBIF, ambao tawi lake la Tanzania, TanBIF, liko chini ya COSTECH jijini Dar es Salaam.