Lumumba: Karani wa posta aliyerudi Kisangani akiwa jino moja

Anayetaka kuzuru mahali alipolazwa Patrice Lumumba huenda Limete, jijini Kinshasa, chini ya mnara mrefu unaoonekana kutoka mbali. Jeneza lililowekwa hapo Juni 30, 2022 halikuwa na mwili, lilikuwa na jino. Lakini anayetaka kujua Lumumba alitokana na nini, hana budi kuukwea Mto Kongo hadi Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, mji ulioitwa Stanleyville enzi za Wabelgiji.

Lumumba alizaliwa Julai 2, 1925 katika kijiji cha Onalua, Sankuru, kwenye jamii ya Watetela. Alisoma katika shule za misheni, za Kiprotestanti na za Kikatoliki. Mwaka 1944, akiwa hajatimiza miaka 20, alifika Stanleyville kutafuta kazi, akaajiriwa posta. Huko ndiko alikojifunza siasa: aliandika makala magazetini, akaongoza vyama vya wafanyakazi Waafrika, na mwaka 1955 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipozuru mji huo alipata nafasi ya kuzungumza naye.

Mwaka uliofuata mambo yalimgeukia. Alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta, zaidi ya faranga 100,000, akafungwa. Akiwa gerezani aliandika kitabu kuhusu hali ya baadaye ya Kongo, kitabu ambacho bado kilitarajia maelewano na Wabelgiji. Hakikuchapishwa hadi mwaka 1961, mwandishi akiwa ameshakufa.

Alipotoka alihamia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akawa mtangazaji wa bia. Kazi hiyo ilimzungusha mitaani na kumjuza kwa watu. Oktoba 1958 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC, na Desemba mwaka huo alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika mjini Accra. Aliporudi hakuomba tena maelewano. Alidai uhuru.

Stanleyville ilibaki ngome yake. Mwishoni mwa Oktoba 1959 chama kilifanya mkutano wake mjini humo, ghasia zikazuka na watu kadhaa wakauawa. Lumumba alikamatwa na Januari 1960 akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Siku chache baadaye ikabidi afunguliwe, kwa kuwa mazungumzo ya uhuru yaliyokuwa yakiendelea Brussels yasingeweza kufika popote bila yeye.

Chama chake kiliongoza katika uchaguzi wa Mei, na Juni 30, 1960 Kongo ilipata uhuru, Joseph Kasa-Vubu akiwa rais na Lumumba waziri mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 34. Ndani ya wiki mbili jeshi liliasi na Katanga ya Moïse Tshombe ikajitenga. Septemba 5 Kasa-Vubu alimfukuza kazi, na Septemba 14 Kanali Mobutu akashika hatamu.

Usiku wa Novemba 27, Lumumba alitoroka nyumba aliyokuwa amezuiliwa, akashika njia ya kwenda Stanleyville, kwa watu wake. Kila alipopita watu walitaka kumsikiliza, naye alisimama kuwahutubia, huku askari wakimfuata nyuma. Inasimuliwa kwamba huko Lodi, kwenye Mto Sankuru, alikuwa ameshavuka, akarudi kwa sababu mkewe Pauline na mtoto wao mdogo walikuwa wamebaki ng'ambo ya pili. Hapo akakamatwa.

Siku chache baadaye Antoine Gizenga aliunda serikali Stanleyville kwa jina la kiongozi aliyekuwa kifungoni. Januari 17, 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa Katanga wakauawa usiku huohuo. Miili iliyeyushwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi la kuzuru. Polisi Mbelgiji aliyeshiriki kazi hiyo aliondoka na jino.

Mwaka 1966 Mobutu yuleyule alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa, na Stanleyville ikaanza kuitwa Kisangani. Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002, na jino likakabidhiwa familia Juni 20, 2022. Hata Limete halikupata utulivu: Novemba 2024 kaburi lilivamiwa na kuharibiwa, ingawa wakuu wa serikali walisema jino liko salama.

Kabla ya maziko, jeneza lilizungushwa nchini: Sankuru alikozaliwa, Kisangani, kisha Katanga alikouawa. Hivyo safari aliyoianza usiku ule wa Novemba 1960 ilifika Kisangani baada ya miaka zaidi ya 61.