Aliyejenga meli katika banda la farasi

Wakulima wengi wanazifahamu trekta za John Deere, lakini wachache wamepata kusikia jina la Henry Dreyfuss, mbunifu aliyezipa sura mpya. Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1904, akaanzia kazi katika maigizo akitengeneza mandhari ya jukwaani. Huko ndiko alikojifunza kujenga chumba cha mbao na rangi ambacho mtazamaji anakiona kama nyumba kweli. Mwaka 1929 alifungua ofisi yake.

Siku za mwanzo aliitwa Sioux City, jimbo la Iowa, kwenye jumba la sinema lililokosa wateja hata baada ya kushusha bei. Badala ya kuchora, Dreyfuss alikaa mlangoni akisikiliza wapita njia. Akabaini kuwa wakulima na vibarua waliogopa kuchafua zulia jekundu kwa viatu vyao. Zulia likaondolewa, ukatandikwa mpira wa kawaida, na watu wakaingia.

Mwaka 1937 mhandisi wa John Deere alimfuata New York, na mwaka uliofuata zikatoka trekta za A na B zikiwa na rejeta iliyofunikwa vizuri.

Kazi yake inayosimuliwa zaidi, hata hivyo, ni ya meli. Kabla ya Independence na Constitution kuanza safari mwaka 1951, alikodi banda la zamani la farasi katikati ya New York, akajenga humo vyumba vinane vya abiria vya ukubwa kamili. Kisha wakaitwa watu waje na mizigo yao, watundike nguo na kuishi humo kama wasafiri. Hiyo mizigo ndiyo iliyokuwa na maana. Chumba kitupu humdanganya hata fundi mzoefu. Mwenye masanduku mawili hugundua upesi kwamba kabati halitoshi, na kubomoa mbao ni nafuu mno kuliko kukata chuma melini.

Trekta mpya za John Deere zilizozinduliwa Dallas mwaka 1960 zilikuwa na kiti kilichotengenezwa kwa ushauri wa daktari Janet Travell, bingwa wa maumivu ya misuli, ili mgongo wa dereva usiumie kwa kutwa nzima shambani.

Dreyfuss alifariki Oktoba 1972, siku moja na mkewe Doris Marks, aliyekuwa pia mshirika wake katika biashara.