Victor Grignard na Mwalimu Wake



Katika darasa la kemia jina la Grignard hutajwa mara nyingi, lakini ni wachache kati yetu wajuao habari za maisha yake. Nimeona vema niwasimulieni kwa kifupi, maana zina fundisho kwetu tulio shuleni, na hata kwa ndugu zetu waliokwisha kuondoka.

Victor Grignard alizaliwa tarehe 6 Mei, 1871, katika mji wa Cherbourg, pwani ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mshona matanga. Kijana alikuwa hodari wa masomo, na mwaka 1889 akaingia chuo cha ualimu cha Cluny. Baada ya miaka 2 chuo kile kikafungwa, naye akapelekwa Chuo Kikuu cha Lyon. Huko alifanya mtihani wa hesabu, akashindwa. Akaenda kutumikia jeshi, kisha akarudi, akajaribu tena, na mwaka 1894 akafaulu.

Ajabu ni kwamba hapo mwanzo hakuipenda kemia. Aliiona kuwa ni elimu ya kukariri tu. Rafiki yake mmoja alimshawishi akubali kazi ndogo ya maabara, na kwa njia hiyo akawa chini ya Profesa Philippe Barbier.

Mwaka 1899 Barbier alikuwa amejaribu kutumia magnesi badala ya zinki ili kuunganisha kampaundi mbili za kaboni. Mara kazi ilifaulu, mara ilikataa. Akamwachia mwanafunzi wake aichunguze. Barbier alikuwa ametia vitu vyote pamoja, Grignard alivitenga. Kwanza alitia vipande vya magnesi katika etha iliyo kavu kabisa, akaongeza kampaundi ya kaboni yenye iodini au bromini. Magnesi ikajipenyeza kati ya kaboni na iodini, ikayeyuka. Ndipo alipotia kampaundi ya pili, nayo ikashikamana na kaboni ile. Maji yakiingia, dawa huharibika. Alitangaza jambo hili mwaka 1900, na mwaka 1901 akapata shahada ya udaktari.

Mwaka 1912 alipewa tuzo ya Nobel. Aligawana na Paul Sabatier, aliyeonyesha jinsi unga wa nikeli unavyosaidia haidrojeni kuungana na kampaundi za kaboni. Barbier hakupewa kitu, wala Padre Senderens aliyefanya kazi pamoja na Sabatier. Mtu mwingine angenyamaza na kufurahia sifa zake. Grignard alimweleza rafiki yake kwamba angependelea kungoja: kwanza Sabatier na Senderens wagawane tuzo, halafu siku nyingine yeye na Barbier. Wazee wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Naona Grignard, ingawa alikuwa Mfaransa, aliishika sana hekima hiyo.

Mwaka 1919 alirudi Lyon kushika kiti cha mwalimu wake, akafa huko tarehe 13 Desemba, 1935.

Kazi yake haikufa. Mwaka 1972 Kumada wa Japani na Corriu wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kazi mpya ya nikeli. Nikeli iliyo na elektroni nyingi za kutoa hukata kifungo cha kaboni na klorini au bromini, ikajishika hapo. Kisha hupokea kaboni nyingine kutoka kwa dawa ya Grignard, na kuziunganisha kaboni hizo mbili. Basi metali mbili zilizotuzwa pamoja mwaka 1912 zikakutana katika chupa moja.

Wenzangu, kushindwa mtihani mmoja si mwisho wa safari. Na atakayefika mbali amkumbuke aliyemkabidhi kazi ya kwanza, hata kama kazi yenyewe ilikuwa imemshinda mwalimu.