Maisha ya Henry Ford na Gia Zake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika toleo hili nimeona vema niwaletee habari za Henry Ford wa Marekani, mtu ambaye jina lake bado limeandikwa mbele ya motokaa nyingi duniani. Wengi wetu tunajua kwamba alikuwa tajiri na kwamba aliunda motokaa nyingi mno. Lakini wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya ushindi wake, na sehemu kubwa ya kushindwa kwake pia, ilitokana na kitu kimoja kilichofichwa chini ya miguu ya dereva, yaani gia boksi. Sisi wa Makuyuni tunakaa kando ya barabara kuu iendayo Korogwe na Mombo, na magari ya otomatiki yanatupita usiku na mchana. Kwa hiyo nadhani habari hizi zitatufaa sote, wazazi wanaoendesha na sisi vijana tunaotamani kuendesha.

Henry alizaliwa tarehe 30 Julai, 1863, katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Baba yake, William, alikuwa mkulima aliyehamia huko kutoka Ireland. Mama yake alifariki mwaka 1876, Henry akiwa hajatimiza miaka 13. Mwaka huo huo, akiwa safarini na baba yake, aliona kwa mara ya kwanza injini ya mvuke ikitembea barabarani bila kuvutwa na farasi. Akaruka chini, akaenda kumwuliza mwendeshaji wake maswali mengi. Tangu siku hiyo kazi ya jembe haikumwingia tena moyoni. Furaha yake ilikuwa kufungua saa za majirani, kuona kilichomo, na kuzifunga tena zikafanya kazi.

Mwaka 1879 alikwenda mji wa Detroit kujifunza kazi katika karakana, na usiku alitengeneza saa kwa sonara ili aongeze mshahara wake mdogo. Baba yake hakupendezwa. Baadaye alimpa shamba lenye miti, akitumaini kwamba mwanawe atatulia na kuacha mambo ya vyuma. Henry alilipokea shamba, akamwoa Clara Bryant mwaka 1888, akapasua mbao kwa mashine ya mvuke, kisha mwaka 1891 akarudi Detroit kufanya kazi katika kampuni ya umeme ya Edison.

Nimelitaja jambo hili kwa makusudi. Katika darasa letu wapo wanaofikiri kwamba mikono yenye grisi ni mikono ya mtu aliyeanguka mtihani. Mimi nataka kwenda chuo cha ufundi nikimaliza hapa, na neno hilo limeleta mazungumzo marefu nyumbani, maana baba yangu angependa kuniona nimekaa mezani ofisini. Simlaumu. Mzee William naye alimtakia mwanawe mema.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni, 1896, Henry alimaliza motokaa yake ya kwanza katika banda nyuma ya nyumba yake. Ilikuwa na magurudumu manne kama ya baiskeli, na mwendo wa namna mbili tu, wala haikuweza kurudi nyuma. Alipotaka kuitoa akaona mlango ni mwembamba, ikambidi abomoe matofali ya ukuta kwa shoka. Kampuni ya kwanza aliyoshiriki kuianzisha ilikufa. Ya pili aliiacha baada ya kutoelewana na wenye fedha. Ya tatu, Ford Motor Company, iliandikishwa tarehe 16 Juni, 1903, nayo ndiyo iliyosimama.

Zamani hizo kubadili gia ilikuwa kazi ya kuogopesha. Dereva aliyasogeza meno ya gia kwa mkono, yakamatane hali yanazunguka kwa mwendo usiolingana. Asiyekuwa hodari aliyasaga kwa kelele mpaka yakavunjika. Henry Ford alitaka gari la mkulima, mwalimu na muuza duka, si la mtu mwenye dereva wa mshahara. Basi mwezi wa Oktoba, 1908, alitoa motokaa iitwayo Model T, na ndani yake akatia gia za namna nyingine. Katika gia hizo, gia ndogo zinaizunguka ile ya katikati kama sayari zinavyolizunguka jua, na meno yake yamekamatana siku zote. Kubadili mwendo ni kukaza mkanda juu ya dramu moja au nyingine, basi. Hapana meno ya kuingizwa wala ya kusagwa.

Dereva alikuwa na pedeli tatu. Ya kushoto akiikanyaga mpaka chini, gari linakwenda kwa gia ya kwanza. Akiiachia nusu, gari halina gia. Akiiachia yote, gari linaingia gia ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho. Pedeli ya kati ni ya kurudi nyuma, na ya kulia ni breki. Petroli iliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa chini ya usukani. Mtu aliyezoea magari ya leo angedhani amepewa gari la wazimu, lakini mkulima wa siku zile alijifunza upesi akaenda zake.

Hata hivyo gari hilo lilikuwa na tabia zake, na mwenye gari alipaswa kuzijua kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Asubuhi ya baridi oili iligandamana katikati ya sahani za klachi, hata gari likawa halitaki kuachia gia. Mtu alipozungusha hendeli kwa mbele na injini ikawaka, gari lilianza kutambaa likimsukuma bwana wake ukutani. Wenye akili waliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kupiga hendeli. Tena, tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilishuka kwa uzito wake yenyewe. Kwenye mlima mkali, petroli ikiwa kidogo, haikufika kwenye injini. Basi dereva aligeuza gari akapanda mlima kinyumenyume, na kwa kuwa gia ya nyuma ilikuwa na nguvu kuliko zote, alifika kileleni. Na mkanda wa breki ulipolika, wengi walikanyaga pedeli ya kurudi nyuma ili wasimame.

Magari ya Ford yalifika hata katika nchi yetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Juni, 1916, majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yalishuka kwa bonde la mto Pangani, yakaingia Korogwe, kisha Handeni. Katika vita vile vya Afrika Mashariki magari mepesi ya Ford yalikuwa miongoni mwa yaliyobeba vyakula na majeruhi, maana yalikuwa yameinuka juu na yaliweza kupita njia mbaya. Lakini tusisahau kwamba mzigo mkubwa wa vita hivyo ulibebwa na wapagazi, na wengi wao hawakurudi makwao.

Mwaka 1913 Ford alianza kuunganisha magari kwa mstari unaotembea: gari linasogea, fundi anakaa mahali pamoja. Kazi ya kuunganisha chasisi moja iliyochukua zaidi ya saa 12 ikawa inamalizika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Bei ya gari, iliyokuwa dola 850 mwaka 1908, ilishuka mpaka chini ya dola 300. Mwezi wa Januari, 1914, alitangaza mshahara wa dola tano kwa siku, ambao ulikuwa kama mara mbili ya mshahara wa kawaida. Dunia nzima ikamsifu.

Sifa zile zilimharibu kidogo. Washindani wake walikuwa wakiuza magari yenye gia tatu, na magari yenyewe yalikuwa yamekuwa mazito, yenye mabodi yaliyofungwa. Gia mbili za Model T hazikutosha tena mlimani: ya kwanza ilinguruma bila kwenda, na ya pili ilichoka. Mwanawe wa pekee, Edsel, aliyezaliwa mwaka 1893, alikuwa mkuu wa kampuni kwa jina tangu mwaka 1919. Edsel aliliona jambo hilo, akamshauri baba yake abadili gari. Mzee alikataa. Ajabu ni kwamba yule kijana aliyewahi kukataa kufungwa na shamba la baba yake, sasa alikuwa baba asiyetaka kusikia neno la mwanawe.

Wanunuzi walihamia kwa Chevrolet. Mwezi wa Mei, 1927, baada ya magari milioni 15, Ford alikubali kuiacha Model T. Alifunga kazi kwa miezi kadhaa, na mwezi wa Desemba akatoa Model A yenye gia tatu za kuingiza kwa mkono, kama za wenzake. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hapo alishindana kweli.

Si haki kumwandika mtu kwa mema yake tu. Katika miaka ya 1920 gazeti lake lilieneza chuki juu ya Wayahudi, na mwaka 1927 ilimbidi aombe radhi. Mwaka 1937 watu wake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi nje ya kiwanda chake, naye hakukubali mkataba na chama hicho mpaka mwaka 1941. Edsel alifariki mwaka 1943, kabla ya baba yake. Henry Ford mwenyewe alifariki nyumbani kwake Dearborn usiku wa tarehe 7 Aprili, 1947, akiwa na umri wa miaka 83. Mto ulikuwa umefurika na umeme umekatika, hata mtu huyo aliyewahi kuwa injinia mkuu wa kampuni ya umeme alikata roho kwa mwanga wa taa za mafuta na mishumaa.

Lakini gia zake hazikufa. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors, mshindani wake mkubwa, ilitoa gia boksi iitwayo Hydra-Matic, ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi. Ndani yake mlikuwa na gia za sayari zile zile, ila badala ya mguu wa dereva, oili yenye nguvu ndiyo iliyokaza mikanda. Kampuni ya Ford ilitoa ya kwake mwaka 1951, miaka minne baada ya mzee kuzikwa. Kwa hiyo hakukosea katika gia. Alikosea kufikiri kwamba hakuna la kuongeza.

Likizo iliyopita nilishinda katika gereji moja hapa Makuyuni, na fundi alikuwa amefungua gia boksi ya otomatiki. Nilijionea gia za sayari kwa macho yangu, na sahani za klachi zimeungua nyeusi kama mkaa. Alinieleza kwamba mwenye gari alikuwa na desturi ya kutia N kila anapoteremka, ili abane petroli, na kurudisha D gari likiwa mbioni. Kutokana na maelezo yake na niliyoyasoma, naomba niwakumbushe wasomaji tabia nne za magari haya.

Kwanza, ukiachia breki hali umetia D, gari hutambaa. Kati ya injini na gia kuna mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili, na la injini hulisukuma la pili kwa oili hiyo. Ni oili ile ile iliyomsukuma mkulima wa Marekani ukutani. Basi usiwaache watoto wasimame mbele ya gari linalonguruma.

Pili, ukikanyaga mafuta kwa ghafula, gari husita kidogo, kisha hushuka gia na kuruka. Dereva anayetaka kulipita lori na asijue kusita huko, anaweza kukutana na basi uso kwa uso.

Tatu, mlimani gari hupanda na kushuka gia bila kutulia. Tia L au 2, litulie. Na kwenye mteremko kama ule wa kutoka Soni kwenda Mombo, fanya vivyo hivyo, injini isaidie kulishika gari. Ukitia N, umeziachia breki kazi yote, nazo zikipata moto hazishiki.

Nne, usitie R wala P kabla gari halijasimama kabisa, na kwenye mwinuko vuta handibreki kwanza.

Ndugu zangu wanafunzi, Henry Ford alitufundisha kwamba kazi ya mikono yaweza kubadili dunia, na kwamba gari huwa jema kwa anayejua tabia zake. Lakini mimi nimepata kwake funzo jingine. Alimshinda baba yake kwa kufanya kazi kwa bidii, si kwa kubishana naye. Kisha akapata hasara kubwa kwa kutomsikiliza mwanawe. Kwa hiyo kwetu sisi vijana nasema tuwaonyeshe wazazi kazi yetu kabla ya maneno yetu. Na kwa wazazi wetu, pamoja na baba yangu ambaye najua atausoma ukurasa huu, naomba kwa heshima watusikilize hata mwisho, ndipo waamue.