Alexander Mackay, Fundi wa Ziwani

Sisi tukaao Buzuruga twalitazama ziwa kila siku, tena twawasahau waliolivuka kwa taabu. Mmoja wao ni Bwana Alexander Mackay, Mskoti, aliyezaliwa mwaka wa 1849. Alikuwa fundi wa mitambo. Lakini mwaka wa 1875 gazeti lilipotangaza ya kuwa Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu, alijitolea mwenyewe.

Mwaka wa 1877 alifyeka njia toka Saadani hata Mpwapwa, katika mwitu na miiba. Juni 1878 akafika Kagei, kaskazini-mashariki ya Mwanza, akaikuta mashua yao, Daisy, imeharibika pwani, akaitengeneza. Wenziwe wawili walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Naye akaenda huko bila silaha, akaonana na Mtemi Lukonge, akarudi salama. Katika kuvuka, dhoruba ikaivunja mashua. Mackay akaikata sehemu ya katikati, akaunga omo na tezi, wakafika Buganda Novemba.

Mwaka wa 1887 alifukuzwa huko, akakaa Usambiro, kusini ya ziwa. Stanley alipopita mwaka wa 1889 alimsihi waende pwani pamoja. Akakataa, asiiache kazi bila mtu wa kuishika. Tarehe 8 Februari 1890 akafa kwa homa, asiione tena nchi yake.

Basi, walimu na ndugu zetu, tumkumbuke: alipofunguliwa njia ya kurudi kwao, yeye alibaki.